Anayetafutwa na Anayepatikana

Unyayo wa kiatu umebaki kwenye tope la njia ya shambani, na soli yake inasomeka mstari kwa mstari. Mpelelezi Park Doo-man ameuzungushia alama na anafoka mtu asiukaribie. Watoto wanakimbizana. Wanakijiji wamejaa kama wamekuja mnadani. Mtaalamu wa alama, aliyesubiriwa kwa hamu, anateleza kwenye tuta na kubiringika hadi chini, na mkuu wa kituo naye anashuka kwa mtindo uleule. Kisha linakuja trekta. Park anapiga kelele, anapunga mikono, dereva hasikii la mtu, na gurudumu linapita juu ya unyayo. Yote haya yanatokea mbele ya kamera isiyokata, inayomfuata Park huku na huko, na mtazamaji anajikuta anacheka. Hatua chache kutoka hapo kuna mwanamke aliyeuawa, nawe unacheka. Mwongozaji Bong Joon-ho anajua kwamba unacheka. Deni la kicheko hicho atalidai baadaye.

Filamu hiyo, Memories of Murder, ilitoka Korea Kusini mwaka 2003, nami sijawahi kuichoka. Ina asili katika matukio ya kweli. Kati ya Septemba 1986 na Aprili 1991 wanawake kumi waliuawa huko Hwaseong, eneo la mashamba kusini mwa Seoul, katika mkoa wa Gyeonggi. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wa shule na bibi wa miaka zaidi ya 70. Wengine walifungwa na kunyongwa kwa nguo zao wenyewe. Polisi walihoji watu zaidi ya 20,000 wasimpate mhusika. Mwaka 1996 Kim Kwang-rim aliandika tamthilia juu ya kesi hiyo, na Bong, ambaye alipoichukua baadaye alikuwa na filamu ndefu moja tu mkononi, akaichanganya na utafiti wake mwenyewe, akatengeneza kazi iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni tano katika kumbi za sinema za kwao. Wengi walimfahamu miaka mingi baadaye kwa Parasite, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Wanaopenda hadithi za upelelezi walikuwa wameshamjua.

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa tuna mazoea yetu. Tangu Mohamed Said Abdulla alipomtoa mpelelezi huyo mwenye kiko katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, msomaji wa Kiswahili anajua makubaliano yalivyo. Mwanzoni kuna fumbo, katikati kuna watu wa kushukiwa, na mwishoni mwenye akili anafungua mafundo moja baada ya jingine mpaka kila mtu anashangaa kwa nini hakuona mapema. Bong anayakiuka makubaliano hayo, kwa kuwa muuaji wake hapatikani. Lakini filamu nyingi zimeacha fumbo bila jibu, na hilo peke yake lisingenirudisha kwake. Kinachonirudisha ni kwamba kwa saa mbili na ushee, polisi hawa hawapungukiwi na watu wa kukamata. Wanao tele. Kila anayetafutwa anapokosekana, yupo mwingine anayepatikana.

Park, anayeigizwa na Song Kang-ho, ni askari kanzu wa kijijini ambaye silaha yake kubwa ni macho. Anaamini akimkazia mtu macho atamjua. Ana daftari alilobandika picha za washukiwa, na analifungua na kuzikodolea sura zile moja moja kama mpiga ramli anayesubiri kibao kiseme. Mapema katika filamu bosi wake, Sajini Koo, anamwonyesha vijana wawili walioketi wakiandika maelezo. Mmoja ni mbakaji. Mwingine ni kaka wa msichana aliyebakwa, ndiye aliyemkamata mwenzake na kumleta kituoni. Haya, Park, mwenye macho, niambie yupi ni yupi. Park anatazama. Kamera inatazama naye. Vijana wote wawili wana mashavu ya kawaida, nywele za kawaida, uchovu wa kawaida. Halafu Bong anakata picha na kwenda kwingine bila kutupa jibu.

Ni tukio la sekunde chache, na limebeba filamu nzima. Mtazamaji naye amekwisha kuchagua wake. Mimi kila nikiitazama nachagua, na sina sababu yoyote ya kuchagua. Pengine nimeona mmoja ameinamisha kichwa zaidi, au shati lake limekunjika. Kwa ushahidi huo huo Park anapeleka watu chini.

Chini ni chumba cha mahojiano katika ghorofa ya chini ya ardhi, chenye tanuri la kupashia joto na mwanga hafifu. Wa kwanza kuteremshwa humo ni Baek Kwang-ho, kijana mwenye upungufu wa akili na makovu ya moto usoni, mwana wa mwenye mgahawa wa nyama. Kosa lake ni kwamba alionekana akimfuatafuata mmoja wa marehemu. Park anamhoji kwa maneno ya kubembeleza na vitisho kwa zamu. Mwenzake Cho Yong-koo anahoji kwa teke, na kabla ya kupiga anavisha kiatu chake kitambaa ili kisiache alama. Kiatu hicho kinaonekana mara nyingi, na mkono unaokivisha kitambaa hauna haraka. Ni mkono wa mtu anayejiandaa kwa kazi yake ya kila siku. Ushahidi nao unatengenezwa papo hapo, kwani Park anachukua kiatu cha Baek na kukigandamiza kwenye udongo ili apate unyayo wa kuchukua mahali pa ule ulioliwa na trekta. Baadaye anamletea kijana zawadi ya raba mpya, za bandia, zenye jina linalokaribia jina la kampuni kubwa bila kulifikia.

Halafu inakuja saa ya chakula. Tambi zenye mchuzi mweusi zinaletwa, runinga inawashwa, na mtesaji na mteswa wanakaa pamoja wakila na kutazama tamthilia ya polisi iliyopendwa sana Korea enzi hizo. Muziki wa utangulizi unapoanza wote wanachangamka na kuuimba, na Baek anachangamka kuliko wote. Katika runinga kuna wapelelezi wenye akili na utu wanaomaliza kesi kabla ya taarifa ya habari. Mbele ya runinga kuna wapelelezi wanaombambikia kesi kijana asiyejua hata anashtakiwa nini. Watu hawa si mazimwi. Park ana huruma zake, ana uchovu wake, ana mwanamke anayempenda. Anaamini kwa dhati kwamba Baek ndiye, na kwamba anachotengeneza ni kielelezo tu cha ukweli ambao macho yake yameshauona. Kubambika kesi hakuhitaji chuki. Kunahitaji uhakika uliotangulia ushahidi, na bosi anayesubiri simu kutoka makao makuu.

Kutoka Seoul anakuja Seo Tae-yoon, mpelelezi mwenye kisomo cha miaka minne ya chuo, ambaye ameomba mwenyewe kuletwa kijijini. Park anamkaribisha kwa kumrukia na kumpiga teke akidhani ni mbakaji, kwa sababu amemkuta barabarani karibu na mwanamke aliyeogopa. Macho ya Park yameshindwa hata kumtambua askari mwenziwe. Seo yeye anaamini makaratasi. Makaratasi, anasema, hayadanganyi. Na kwa muda mrefu filamu inampa haki. Ndiye anayetazama vidole vya Baek vilivyoharibiwa na moto na kuuliza vitafungaje mafundo yale. Ndiye anayegundua kwamba waliouawa walivaa nguo nyekundu na kwamba siku zile zilikuwa za mvua. Ndiye anayesoma orodha ya waliopotea na kusema kuna mwili mwingine ambao hamjaupata, nao unapatikana pale anapoelekeza.

Hata hivyo ugunduzi mkubwa kuliko yote hautoki kwa mmoja wao. Unatoka kwa Kwon Kwi-ok, askari wa kike ambaye kituoni kazi yake ya kwanza ni kuwapelekea wanaume kahawa. Ndiye anayesikiliza redio na kuona kwamba kila usiku wa mauaji kituo kimoja kilipiga wimbo uleule wa huzuni, ulioombwa na msikilizaji mmoja kwa kadi, na ombi lake lilikuwa upigwe siku ya mvua. Yeyote aliyekulia na vipindi vya kadi za salamu atasisimkwa hapo, maana kadi ile ni ya kawaida mno, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na mtangazaji ameisoma kwa sauti ya upole. Ndiye Kwon pia anayetumwa na wenzake kutembea usiku wa mvua akiwa amevaa nguo nyekundu ili awe chambo. Ndiye anayepata kuzungumza na mwanamke aliyenusurika, ambaye asingefungua kinywa mbele ya mwanamume. Mwanamke huyo hakuona sura. Anakumbuka mikono, ilivyokuwa laini. Filamu inayozungumzia macho kwa muda wote inapata shahidi wake wa kweli katika ngozi ya mtu aliyefumba macho kwa hofu, na wanaume waliokuwa wakikodolea picha hawakuwahi kumuuliza.

Nyuma ya haya yote kuna serikali. Korea Kusini ya mwaka 1986 ilikuwa chini ya Chun Doo-hwan, jenerali aliyeingia madarakani kwa mabavu. Januari 1987 mwanafunzi Park Jong-chol alikufa akiteswa kwa maji mikononi mwa polisi jijini Seoul, na ilipofika Juni mamilioni ya watu walikuwa barabarani wakidai kumchagua rais wao wenyewe. Bong hahubiri juu ya hayo. Anayaweka pembeni ya picha, mahali ambapo raia wa kawaida huiona siasa. Kuna usiku wapelelezi wanakisia kwamba muuaji atatoka, mvua inanyesha, wimbo unapigwa, na wanaomba askari wa ziada wasambazwe mashambani. Wanajibiwa kwamba hakuna hata mmoja, wote wamekwenda kuzima maandamano. Kuna jioni nyingine king'ora cha zoezi la ulinzi wa raia kinalia. Wenye maduka wanateremsha milango ya chuma, wenye nyumba wanazima taa, kijiji kizima kinaingia gizani kwa amri ya serikali inayodai kukilinda, na katika giza hilo msichana wa shule anabebwa kuelekea msituni.

Kwa hiyo dola ile ilikuwa na askari wa kutosha, mateke ya kutosha, na vyumba vya chini vya kutosha. Ilichokosa ni mazoea ya kutafuta. Askari aliyezoezwa kupata ungamo kutoka kwa mwanafunzi mpinzani anajua kazi moja, nayo ni kumfanya mtu aseme kile ambacho mwenye nguvu ameshakiamua. Ukimpa mauaji ya kweli ayapeleleze, atafanya anachokijua. Bong analimaliza jambo hili kwa mkasa wa Cho. Katika mgahawa wa baba yake Baek, runinga inatangaza habari za askari wa Bucheon aliyemdhalilisha mwanaharakati wa kike mahabusu. Wanafunzi waliopo wanawatukana polisi, Cho anawarukia, na katika vurugu Baek anampiga mguuni kwa ubao wenye msumari. Jeraha linapuuzwa. Pepopunda inaingia. Mguu uliovishwa kitambaa ili usiache alama unakatwa. Na Baek, ambaye wapelelezi wamegundua wakiwa wamechelewa kwamba ungamo lake lilikuwa maelezo ya mtu aliyeshuhudia mauaji kwa macho yake, anakimbia kwa woga wa kupigwa tena na kuishia chini ya treni. Shahidi pekee aliyeiona sura ya muuaji amekufa akiwakimbia wanaoitafuta sura hiyo.

Mtu wa mwisho kushukiwa ni Park Hyeon-gyu, karani wa kiwandani, kijana mtulivu, mzuri wa sura. Amehamia kijijini siku si nyingi kabla ya mauaji kuanza. Ndiye aliyetuma kadi zile za redio. Mikono yake ni laini. Hapa ndipo filamu inapotugeuza. Seo, mtu wa makaratasi, anaanza kuchoka na makaratasi. Aliwahi kumbandika plasta mgongoni msichana wa shule aliyeumia. Anapouona mwili msituni, plasta ile bado ipo. Kuanzia hapo kisomo chote kinamtoka. Anamkokota kijana hadi kwenye reli mbele ya handaki, kwenye mvua, anampiga, anatoa bastola, anamtaka aseme. Tazama walivyobadilishana nafasi. Aliyecheka ramli za Park sasa anapiga ramli, na Park ndiye anayekuja mbio na bahasha kutoka Marekani yenye majibu ya kipimo cha vinasaba, kipimo ambacho wakati huo hakikuweza kufanywa kwao. Barua inasema vinasaba havithibitishi kwamba ndiye. Seo anaisoma na kusema karatasi inadanganya.

Na sisi je? Mimi hapo niko upande wa bastola. Filamu imenisukuma kwa ufundi mkubwa mpaka nataka awe yeye, na ninapowatazama wenzangu ninaokaa nao kuitazama, nawaona nao wanataka awe yeye. Tulimcheka Park na daftari lake la picha, nasi saa mbili baadaye tunamhukumu kijana kwa kuwa na mikono laini na utulivu unaotukera. Kama barua ile ingekuja na neno moja tofauti tungeona haki imetendeka, na tusingekumbuka kwamba hukumu yetu ilitangulia barua. Park anamshika kijana yule, anamtazama machoni kwa kipaji chake chote, anatazama tena, na anakiri kwamba hajui. Kisha anamwuliza kama huwa anapata chakula, na anamwacha aende zake gizani.

Filamu inafunga mwaka 2003. Park ameacha upolisi, anauza mashine za kukamua juisi, ana watoto, amenenepa kidogo. Anapita lile shamba la mpunga, anasimamisha gari, anainama kuchungulia kalavati ulimopatikana mwili wa kwanza. Mtoto wa kike anamwambia kwamba juzijuzi kuna mtu mwingine alichungulia pale pale, akasema amekumbuka jambo alilowahi kulifanya zamani. Alikuwa na sura gani? Ya kawaida tu. Park anageuka na kutazama moja kwa moja ndani ya kamera. Bong ameeleza kwamba aliamini muuaji angekwenda kuitazama filamu, na alitaka macho ya mpelelezi yakutane na macho yake ukumbini.

Kwa miaka 16 mtazamo huo ulikuwa swali lisilojibiwa. Aprili 2006 ukomo wa muda wa kushtaki mauaji ya mwisho ulipita, maana sheria ya wakati ule iliweka miaka 15. Hata Korea Kusini ilipofuta ukomo huo kwa makosa ya mauaji mwaka 2015, kesi za Hwaseong zilikuwa zimeshatoka mikononi mwa mahakama. Kisha Septemba 2019 polisi wakatangaza kwamba vinasaba kutoka kwenye vielelezo vilivyohifadhiwa kwa takriban miaka 30 vimelingana na vya Lee Choon-jae, mzaliwa wa huko huko Hwaseong. Hawakuhitaji kumsaka. Alikuwa gerezani tangu mwaka 1994, akitumikia kifungo cha maisha kwa kumbaka na kumuua shemeji yake. Alikiri mauaji yote kumi na mengine manne, pamoja na ubakaji mwingi.

Yaliyofuata yanaisoma filamu upya. Kumbe Lee aliwahi kuhojiwa katika upelelezi wa awali, akaachwa. Polisi walikuwa wameshaamua kwamba wanayemtafuta ana damu ya kundi B, na yake ni O. Mwaka 2020, alipoletwa mahakamani kutoa ushahidi, alieleza kwamba hakujitahidi sana kuficha nyendo zake, kwamba alikuwa akikutana na wapelelezi mara kwa mara, nao walimwuliza habari za watu wengine. Filamu ya Bong alikuwa ameiona gerezani. Aliitazama kama filamu nyingine yoyote, alisema, bila hisia maalumu. Yale macho ya Song Kang-ho yalimfikia kweli, na hayakumfanya chochote.

Nilipozisoma habari hizo nilitegemea zingeifunga filamu, kama anavyofunga Bwana Msa. Zimeifungua upande mwingine. Maana katika ungamo la Lee mauaji ya mfululizo ule yalikuwa kumi, na kwa hesabu rasmi ya miaka yote ile yaliyokuwa hayajatatuliwa ni tisa. La nane, la msichana wa miaka 13 aliyeuawa chumbani kwake Septemba 1988, lilikuwa na mwenyewe. Polisi walisema ni kazi ya mwigaji, na mwaka 1989 walimkamata fundi mmoja wa mitambo ya kilimo, kijana wa miaka 20 na ushee aliyelemazwa mguu na polio. Kulikuwa na uchunguzi wa unywele wenye lugha nzito ya maabara, na kulikuwa na ungamo. Ungamo lilipatikana baada ya kijana kunyimwa usingizi. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Akakaa ndani karibu miaka 20, akatolewa kwa parole mwaka 2009, na Desemba 2020 mahakama ya Suwon iliyosikiliza kesi yake upya ikamwachia huru na kumwomba radhi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 31.

Hesabu miaka hiyo dhidi ya filamu. Mwaka 2003, Wakorea milioni tano walipojaa kumbini wakimcheka Park na raba zake za bandia, wakimsikitikia Baek, wakiondoka wamejawa na hasira kwamba muuaji hakupatikana, mtu aliyepatikana alikuwa gerezani akitumikia mwaka wake wa kumi na nne. Filamu yenyewe haikumgusa. Ilifichua mateso, ungamo la kulazimishwa, ushahidi wa kupika, yote kwa usahihi wa kutisha, na hata hivyo haikuuliza habari za kesi ya nane, kwa sababu hiyo ilikuwa imekwisha. Simlaumu Bong. Najaribu kuelewa nguvu ya kesi iliyokwisha. Kesi isiyotatuliwa inavuta watu: wapelelezi wastaafu hawalali, waandishi wanarudi, wasanii wanatunga. Kesi iliyokwisha haina mgeni. Faili linafungwa na mtu anafungwa pamoja nalo.

Ndiyo maana sasa nikiitazama tena, mvuto umehama. Zamani nilikuwa nikichunguza kila sura inayopita nyuma ya picha, nikidhani huenda Bong ameficha muuaji mahali. Siku hizi namtazama Baek anavyonyonya tambi zake. Namtazama yule mwingine, mwanamume mwenye mke mgonjwa, aliyekamatwa kwa sababu ya aibu zake za faragha mahali pa tukio, akaning'inizwa kichwa chini mpaka akasimulia ndoto zake kama matendo. Nilikuwa nikiwahesabu watu hawa kuwa vituo vya njiani kuelekea kwa mshukiwa wa kweli, na hadithi zote za upelelezi zimetufunza kuwahesabu hivyo. Mshukiwa asiyehusika ni kipindi cha kupitisha, akishasafishwa tunamsahau. Lakini kijijini hakuna anayesafishwa sawasawa. Jina lililowahi kuitwa kituoni linaendelea kuitwa sokoni.

Bado nazipenda filamu za kumsaka muuaji, na nitaendelea kuzipenda. Zinatupa raha ya kuona vurugu ikipangwa, na raha hiyo si dhambi. Ila zimejengwa juu ya hofu yetu halisi, na hofu hutaka mtu wa kuikabidhi. Mzazi wa Hwaseong wa mwaka 1988, mwenye binti anayerudi shule jioni, hakuhitaji falsafa ya ushahidi. Alihitaji kusikia amekamatwa. Polisi walimpa alichohitaji, akalala, na muuaji akaendelea kutembea kwa miaka mingine kadhaa. Miongoni mwa waliokufa baada ya kesi ya nane kuitwa imekwisha wapo ambao pengine wangeishi kama kituo kile kingekuwa bado kinatafuta. Hasara ya kumfunga asiyehusika hulipwa mara mbili, naye hulipa ya kwanza peke yake.

Hilo ndilo linaloipa uzito sentensi ya Park kule kwenye handaki. Katika kituo kile watu wamesema mengi: ndiye, nimemwona machoni, karatasi zinasema, amekiri, funga. Park, mtu aliyeishi kwa kujua sura, akiwa amemshika kijana ambaye ukumbi mzima unataka awe muuaji, anasema hajui. Wengi huichukulia sentensi hiyo kuwa kushindwa kwake. Kwangu ndiyo kazi pekee ya kipolisi iliyokamilika katika filamu yote, na ilimgharimu kila alichojivunia. Mwaka 1989, mbele ya fundi aliyekuwa akisinzia kitini, askari mmoja tu angetosha kuisema.